Mwenye meli aliyeokoka: Ismay wa Titanic na hukumu isiyokwisha

Mwezi jana nilipanda bara hadi Kitale kwa nikaha ya mpwa wangu. Kutoka Mombasa ni safari ya mchana na usiku, na ukifika umechoka mgongo hadi shingo. Nilidhani huko nitasikia habari za mahindi, bei ya mbolea na mvua za Mlima Elgon, na kweli nilizisikia. Lakini usiku wa pili, baada ya pilau na chai, vijana waliweka ile filamu ya Titanic ya mwaka 1997. Ilipofika pale bwana mwenye masharubu anapoingia kwenye mashua huku watu wamejaa sitahani, sebule nzima ilichemka.

Mzee mmoja, mkulima ambaye kwa kauli yake mwenyewe hajapata kuiona bahari, alisema mtu kama yule asingezikwa na ukoo wake. Mwanamama mmoja upande wa bibi harusi akamuuliza, je, angekuwa yeye, na mashua ina nafasi, angefanya nini? Mzee hakujibu. Mabishano yakaendelea hadi usiku wa manane, na bwana harusi mwenyewe akasahaulika.

Siku mbili baadaye nilipitia Kimilili nikashukia Bungoma. Hotelini karibu na stendi nilimsimulia mwalimu mmoja mstaafu kisa kile. Yeye hakucheka. Alinikumbusha habari za Elijah Masinde wa huko kwao Kimilili, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa, ambaye Waingereza walimwita mwendawazimu wakamtia hospitali ya Mathari, kisha wakamhamishia mbali kwetu, Lamu. Hadi leo wako wanaomwita nabii na shujaa, na wako wanaomwona msumbufu aliyewatesa wafuasi wake. Mtu mmoja, majina mawili. Neno la mwalimu lilikuwa kwamba kabla hujamhukumu marehemu, uliza kwanza nani aliandika sifa yake, na alikuwa anauza nini.

Nimerudi Mombasa na deni hilo. Sisi watu wa pwani ndio tunaojua maana ya chombo kuzama, na si haki tuwaachie watu wa bara mjadala huu peke yao. Basi nisimulie maisha ya bwana yule jinsi yanavyojulikana, kisha kila mmoja aseme lake.

Jina lake lilikuwa Joseph Bruce Ismay. Alizaliwa tarehe 12 Desemba 1862 huko Crosby, karibu na Liverpool, Uingereza. Baba yake, Thomas Henry Ismay, alikuwa mtu aliyejitengeneza mwenyewe. Mwaka 1868 alinunua jina na bendera ya kampuni ya meli iliyofilisika, White Star Line, kwa pauni 1,000. Mwaka uliofuata akaanzisha kampuni mpya, akafanya mapatano na waundaji wa meli wa Belfast, Harland and Wolff, na ndani ya miaka michache meli zake zilikuwa miongoni mwa meli bora zinazovuka Bahari ya Atlantiki.

Mzee Ismay alikuwa mkali. Inasimuliwa kwamba Bruce alipoanza kazi katika ofisi ya baba yake aliacha kofia na koti mahali pasipostahili, na baba, badala ya kumwita faragha, alimtuma karani amwambie kijana yule mpya aache tabia hiyo, wafanyakazi wote wakisikia. Wanaojua nyumba zetu za kitajiri, pale baba anapokuwa mfalme na mtoto wa kiume anakua kivulini mwake, wataelewa ni mtu wa namna gani anayetoka humo. Bruce alikua mrefu, nadhifu, mwenye haya nyingi, na haya zake watu walizichukulia kuwa ni kiburi. Hili la haya kufananishwa na kiburi lilimfuata hadi kaburini.

Alisoma shule ya Harrow, akafanya kazi ofisini kwa baba yake miaka minne, akazunguka dunia, kisha akapelekwa New York kuwa wakala wa kampuni. Huko, mwaka 1888, alimwoa Julia Florence Schieffelin, binti wa familia inayojulikana mjini humo. Walipata watoto watano, mmoja akafa angali mchanga. Mwaka 1891 alirudi Uingereza kuwa mshirika katika kampuni, na baba alipofariki Novemba 1899 usukani ukawa wake.

Hapo ndipo dunia ya meli ilipobadilika. Tajiri wa Marekani, J. P. Morgan, alitaka kuzikusanya kampuni kubwa za Atlantiki chini ya mwamvuli mmoja. Mwaka 1902 White Star iliuzwa kwa jumuiya yake, International Mercantile Marine, kwa kiasi cha pauni milioni 10. Meli zilibaki na bendera ya Uingereza na mabaharia wa Uingereza, lakini mali ilikuwa ya Wamarekani. Mwaka 1904 Ismay akawa rais wa jumuiya nzima. Waingereza wengine hawakumsamehe kwa kuuza kile walichokiona kuwa fahari ya taifa. Hili tulitie akilini: kabla ya usiku ule wa barafu, tayari alikuwa na maadui.

Washindani wakubwa walikuwa Cunard, waliozindua Lusitania na Mauretania, meli za mbio kuliko zote. Mwaka 1907 Ismay alikaribishwa chakula London nyumbani kwa Lord Pirrie, mkuu wa Harland and Wolff, na inasemekana hapo ndipo wazo lilipozaliwa: kuunda meli tatu zisizoshindana kwa mbio bali kwa ukubwa na anasa. Ya kwanza ilikuwa Olympic, ya pili Titanic, ya tatu ikaja kuitwa Britannic.

Sasa tuje kwenye mashua, maana hapa ndipo penye kiini cha mambo. Sheria ya Uingereza juu ya mashua za kuokolea ilikuwa ya mwaka 1894, na ilipima idadi ya mashua kwa uzito wa meli, si kwa idadi ya watu. Ngazi ya juu kabisa ya sheria ilikuwa meli ya tani 10,000 na zaidi, ambayo ilitakiwa kuwa na mashua 16. Titanic ilikuwa na tani 46,000. Iliwekewa mashua 20, nne zaidi ya zilizotakiwa, zikiwa na nafasi ya watu 1,178. Abiria na mabaharia waliokuwamo safari ile walikuwa kama 2,200.

Mchora ramani wa zamani wa Harland and Wolff, Alexander Carlisle, alikuwa ameandaa mpango wa vyuma vya kushushia mashua vitakavyoweza kubeba mashua nyingi zaidi. Katika ushahidi wake baadaye alieleza kwamba mikutano na wenye meli ilichukua saa nyingi, sehemu kubwa ikienda kwenye mapambo, na suala la mashua likapewa dakika chache tu. Hakuna aliyevunja sheria. Sheria yenyewe ndiyo iliyokuwa imelala usingizi, na wakubwa wakaridhika kulala nayo.

Titanic iling'oa nanga Southampton tarehe 10 Aprili 1912. Ismay alikuwa na desturi ya kusafiri na meli zake katika safari ya kwanza, ili aone nini kinapungua kwa ajili ya meli ijayo. Alichukua vyumba vya fahari vilivyokuwa vimetengwa kwa ajili ya Morgan, ambaye hakusafiri. Alikuwa na mtumishi wake Richard Fry na karani wake William Harrison. Wote wawili hawakurudi.

Je, alikuwa abiria au alikuwa mkubwa wa chombo? Yeye mwenyewe alisisitiza kuwa alikuwa abiria kama wengine. Wengine walisema abiria hapewi na nahodha simu ya upepo yenye onyo la barafu. Ni kweli kwamba mchana wa Jumapili tarehe 14 Nahodha Edward Smith alimpa Ismay ujumbe uliotoka meli ya Baltic, ukieleza barafu iliyo mbele. Ismay aliutia mfukoni, akawaonyesha wanawake wawili waliokuwa wakizungumza naye, na nahodha akaja kuuomba tena jioni. Hapa wahenga wetu wana neno: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hata kama hakutoa amri, karatasi ile ilikuwa na kazi kwingine kuliko mfukoni mwa mwenye meli.

Kuhusu mwendo, mwanamke mmoja abiria, Elizabeth Lines, alitoa ushahidi kwamba Jumamosi alimsikia Ismay akimweleza nahodha kwa furaha jinsi meli inavyokwenda vizuri na kwamba itafika mapema. Ismay alikana kwamba alimhimiza nahodha. Jambo moja ni la hakika: Titanic haikuwa ikiwania rekodi. Haikuwa na nguvu ya kuifikia Mauretania. Na manahodha wa Atlantiki enzi zile walikuwa na mazoea ya kwenda mbio kwenye barafu mradi hali ya hewa ni safi, wakitegemea macho ya walinzi. Smith alifanya walivyofanya wenzake, na usiku ule mazoea yakawa mauti.

Saa tano na dakika arobaini usiku meli iligonga jabali la barafu. Ismay alishtuka usingizini, akavaa koti juu ya nguo za kulalia, akapanda kwa nahodha. Alipoelewa kwamba meli imeumia vibaya, alikwenda kwenye mashua za upande wa kulia akaanza kusaidia. Mashahidi kadhaa walimwona akiwahimiza wanawake waingie, wakati wengi hawakutaka, kwa sababu meli ilionekana imara kuliko kimashua kinachoning'inia gizani. Alihangaika kiasi kwamba ofisa mmoja kijana, Harold Lowe, asiyemjua ni nani, alimfokea asiingilie kazi yake. Mwenye meli alinyamaza, akaondoka, akaenda kusaidia mashua nyingine.

Karibu saa nane usiku ilibaki mashua ya kukunja iliyoitwa C. Iliingia kama watu 40, wengi wao wanawake na watoto wa daraja la tatu. Kwa ushahidi wa Ismay, na wa baharia George Rowe aliyeisimamia mashua ile, waliitwa wanawake zaidi, hakuna aliyekuwa karibu, mashua ikaanza kushushwa, na Ismay akaingia pamoja na mwanamume mwingine wa daraja la kwanza, tajiri wa Marekani aitwaye William Carter. Kinyozi wa meli, August Weikman, alieleza kwamba Ismay aliamriwa aingie. Wengine walidai alijisukuma mbele. Ismay mwenyewe hakujificha nyuma ya amri ya yeyote. Alisema palikuwa na nafasi, naye akaingia.

Saa nane na dakika ishirini meli ilizama. Ismay alikuwa amegeuza uso, akipiga makasia, hakutaka kuiona ikienda chini. Takriban watu 1,500 walikufa kwenye maji ya barafu. Nahodha Smith alikufa. Thomas Andrews, aliyeichora, alikufa. John Jacob Astor, tajiri kuliko wote waliokuwamo, aliyenyimwa ruhusa ya kuingia mashuani na mkewe mjamzito, alikufa. Mwenye meli alikuwa hai.

Alipopandishwa kwenye Carpathia, meli iliyokuja kuwaokoa, alipelekwa chumba cha daktari na hakutoka humo hadi New York. Hakula chochote cha maana, alipewa dawa za kumtuliza. Baadhi ya wajane walisema amejifungia huku wao wakilala sakafuni. Pia alituma simu za upepo akiomba meli ya Cedric izuiwe bandarini ili yeye na mabaharia waliookoka warudi Uingereza mara moja. Alitia sahihi kwa jina lake lililogeuzwa, Yamsi, kama alivyozoea katika simu zake za binafsi. Seneta William Alden Smith wa Marekani aliziona simu hizo kuwa ni njama ya kukimbia, akaanza uchunguzi siku moja tu baada ya Carpathia kufika, kabla manusura hawajatawanyika. Ismay alikuwa shahidi wa kwanza.

Magazeti ya William Randolph Hearst yalikuwa yameshatoa hukumu. Yalilichezea jina lake hadi likawa jina la mnyama, yakachapa picha yake ikizungukwa na wajane. Inasimuliwa kwamba Hearst na Ismay walikuwa na uhasama tangu siku za New York, wakati Ismay kijana alipokataa kuwachekea waandishi wa habari. Hapo nilimkumbuka mwalimu wangu wa Bungoma: nani aliandika, na alikuwa anauza nini? Hearst alikuwa anauza magazeti.

Hukumu za kisheria zilikuwa za upole kuliko za magazeti. Ripoti ya Seneti haikusema Ismay aliamuru mbio, bali ilidokeza kwamba kuwapo kwake melini pengine kulimchochea nahodha bila mwenyewe kujua. Uchunguzi wa Uingereza chini ya Lord Mersey, uliotoa ripoti Julai 1912, ulikataa hoja kwamba alikuwa na wajibu wa kubaki hadi chombo kizame. Alichosema Mersey ni kwamba Ismay aliwasaidia abiria wengi, na kama asingeingia mashuani angeongeza tu maiti mmoja zaidi.

Lakini watu hawakula ripoti. Walikula hadithi.

Na katika mashua ile ile C kulikuwa na hadithi nyingine ambazo wachache wamezisikia. Carter aliingia dakika ile ile na Ismay, na karibu hakuna aliyemtaja. Kulikuwa pia na Wachina wanne, mabaharia waliokuwa wakisafiri daraja la tatu. Magazeti yaliwaita wezi wa nafasi, yakadai walijificha chini ya viti. Wachina waliookoka Titanic walikuwa sita kwa jumla, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule iliyowakataza Wachina kuingia nchini waliondolewa mara moja kwa meli nyingine, bila hata kuulizwa waliona nini. Huko Japani, mtumishi wa serikali Masabumi Hosono, aliyeokoka kwenye mashua nyingine, alirudi nyumbani akakuta aibu inamsubiri, kwamba amewaaibisha Wajapani kwa kubaki hai. Kila taifa lilitafuta mtu wake wa kumtemea mate.

Ismay aliacha urais wa International Mercantile Marine mwezi Juni 1913. Wengi husema alifukuzwa, lakini alikuwa ameshapanga kuondoka kabla ya Titanic kung'oa nanga. Kilichomuuma ni kingine: aliomba abaki mkurugenzi wa White Star, kampuni ya baba yake, akakataliwa. Alinunua nyumba magharibi mwa Ireland, Costelloe huko Connemara, mahali pa mito na samaki. Nyumba ilichomwa mwaka 1922 wakati wa vurugu za nchi ile, akaijenga tena.

Si kweli kwamba alijificha humo kama mtawa, ingawa hadithi hiyo inapendwa. Aliendelea na kazi London na Liverpool, alikaa kwenye bodi za reli na za bima, ikiwemo jumuiya ya bima za meli iliyoshughulikia madai ya ndugu wa waliokufa. Alitoa pauni 10,000 kuanzisha mfuko wa pensheni kwa wajane wa mabaharia, na baadaye akatoa kiasi kikubwa zaidi kwa mabaharia wa meli za biashara. Kwa muda aliandikiana barua na Marian Thayer, mjane aliyempoteza mumewe usiku ule. Nyumbani, jina la Titanic lilikuwa halitajwi. Inasimuliwa kwamba mjukuu mmoja, asiyejua kitu, alimuuliza kama amewahi kuzama, naye akajibu kwamba aliwahi kuwa katika meli ambayo watu waliamini haiwezi kuzama.

Kisukari kilimla polepole. Mguu wake mmoja ulikatwa mwaka 1936, na tarehe 17 Oktoba 1937 alifariki London kwa kiharusi, akiwa na miaka 74. Kaburi lake liko Putney Vale. Hata hapo hawakumwacha. Mwaka 1943 Wanazi walitengeneza filamu ya Titanic wakamfanya Ismay mfano wa ulafi wa Waingereza. Mwaka 1958 Waingereza nao walitengeneza yao, ambamo hakutajwa hata jina, akiitwa tu mwenyekiti. Mwaka 1997 ikaja ile iliyoligawa harusi letu Kitale, na ndani yake anaonekana akimhimiza nahodha aongeze mwendo, jambo ambalo ushahidi wake ni mwembamba kama uzi.

Sasa nitoe langu.

Sisi huku tuna maadili yetu ya baharini. Nahodha ndiye wa mwisho kushuka. Chombo ni amana, na watu waliomo ni amana kubwa zaidi. Kwa kipimo hicho, mzee wa Kitale ana haki ya kuuliza: mwenye meli, aliyekula faida yake, iweje akae mashuani huku watoto wa daraja la tatu wamebaki ndani? Hili haliondoki kwa ripoti ya Lord Mersey. Wanaume wa daraja la kwanza waliokoka takriban theluthi moja. Wa daraja la pili hawakufika hata mmoja kwa kumi. Si bahati nasibu hiyo. Na kampuni ya Ismay ilikata mishahara ya mabaharia kuanzia dakika meli ilipozama, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Mjane wa baharia alipoteza mume na mshahara katika saa moja.

Lakini yule mama wa Kitale naye ana haki. Nafasi ilikuwapo. Kifo chake kisingemwokoa mtu. Tunapodai mtu afe ili sisi tuone raha ya hadithi iliyokamilika, tumekuwa kama Hearst.

Ninachoona mimi ni kwamba tunambishania mahali pasipo pake. Tumetumia zaidi ya miaka 100 kubishana juu ya kiti kimoja katika mashua C, na kidogo sana juu ya zile dakika chache za mkutano wa mashua. Kama Ismay ana deni, deni lake liko mezani, kwenye karatasi za ramani, pale alipokuwa na uwezo wa kudai mashua za watu wote na hakudai. Na hapo hakuwa peke yake. Palikuwa na Pirrie, na maofisa wa serikali walioacha sheria ya 1894 izeeke huku meli zinakua mara nne. Baada ya msiba, White Star yenyewe ilijaza mashua katika Olympic, na mwaka 1914 mataifa yakatia sahihi mkataba wa usalama wa baharini. Ilikuwa inawezekana siku zote.

Ndugu zangu, tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka Mtongwe. Watu 272 walikufa, mbele ya macho yetu, karibu na nchi kavu kiasi cha kusikia sauti. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Mwaka 1996 MV Bukoba ikazama karibu na Mwanza. Mwaka 2011 Spice Islander ikazama ikielekea Pemba, na mwaka uliofuata Skagit karibu na Chumbe. Kila mara tulilia, kila mara tulinong'ona juu ya fulani aliyeokoka na fulani aliyeuacha mkono wa mwenzake. Nimewajua manusura walioacha kwenda msibani kwa sababu ya macho ya watu. Walichokosa ni kufa tu.

Na wakati tunanong'ona, nani aliuliza maboya yalikuwa mangapi? Nani aliuliza tiketi zilikatwa ngapi zaidi ya nafasi, na ofisa gani alitia sahihi kwamba chombo ni kizima? Majina hayo hayana filamu. Masharubu yao hatuyajui.

Ismay alibeba lawama ya wengi, na sehemu yake mwenyewe pia. Mimi nimemsamehe kuingia mashuani. Kile kikao cha mashua bado kinanikera. Mwalimu wangu wa Bungoma nadhani atakubali, ingawa yeye hukubali polepole. Yule mzee wa Kitale nimemwalika aje Mombasa aione bahari. Nitampeleka Likoni tupande feri pamoja, na kabla haijaondoka nitamwomba anisaidie kuhesabu maboya.